Stika ya Japani kwenye kioo cha mbele: historia fupi ya ukaguzi ambao gari lako liliukimbia

Kabla hujaendelea kusoma, hebu fanya jambo moja. Tafuta gari lolote la mtumba lililotoka Japani: IST ya jirani, Noah ya shemeji, hata Coaster inayosubiri abiria pale Maili Moja, Kibaha. Kaa kiti cha dereva, tazama juu ya kioo cha mbele, karibu na kioo cha kuangalizia nyuma. Kama aliyelisafisha hakuwa na bidii sana, utakuta stika ndogo ya mraba yenye maandishi ya Kijapani na tarakimu. Huenda kuna nyingine ya duara. Kwenye kioo cha nyuma inaweza kuwepo ya tatu.

Wengi wetu tumeziona stika hizi maisha yetu yote na hatujawahi kuuliza zinasema nini. Tuanze na ile ya kioo cha nyuma, maana ni rahisi: ilikuwa uthibitisho kwamba mwenye gari alikuwa na mahali pa kuliegesha. Ya duara ni ya gereji, inakumbusha matengenezo ya kawaida. Ile ya mraba ndiyo kubwa kuliko zote. Ni stika ya *shaken*, ukaguzi wa lazima wa magari wa Japani, na upande unaotazama ndani ya gari una tarehe ambayo ukaguzi unaisha.

Unaweza kuisoma mwenyewe. Wajapani huhesabu miaka kwa enzi ya mfalme wao. Enzi ya Heisei ilianza Januari 1989, kwa hiyo chukua namba ya mwaka uliyoiona, ongeza 1988. Heisei 27 ni 2015. Enzi ya Reiwa ilianza Mei 2019, hiyo unaongeza 2018. Reiwa 3 ni 2021. Sasa linganisha tarehe hiyo na ile iliyo kwenye hati ya kulisafirisha gari nje ya Japani, kama unayo. Usishangae ukikuta zimekaribiana. Gari lako, kwa lugha nyepesi, lilipanda meli likikimbia ukaguzi.

Makala hii inahusu ukaguzi huo: ulitoka wapi, ulivyosababisha barabara zetu zijae Toyota, na kwa nini watu wa Kibaha na Kisarawe, ambao hawajawahi kufika Yokohama, wanapaswa kujali.

Mwanzo wake ni boila la kiwanda cha bia

Wazo la kukagua mashine kabla haijaua mtu ni la zamani kuliko magari. Januari 1865, huko Mannheim, Ujerumani, boila la mvuke lililipuka katika kiwanda cha bia. Miaka ile maboila kulipuka halikuwa jambo la ajabu. Kilichokuwa kipya ni walichofanya wenye viwanda mwaka uliofuata, 1866. Waliunda chama chao wenyewe, wakaajiri mafundi wasiomtegemea mwenye kiwanda yeyote mmoja, wakawapa kazi ya kuzunguka na kukagua boila la kila mwanachama kwa vipindi maalumu.

Tazama vitu vitatu vilivyomo humo. Kwanza, mkaguzi si mwenye mali na si muuzaji. Pili, anapima kwa vifaa. Tatu, anarudi. Hilo la tatu lishike vizuri, maana ndilo kiini cha makala hii. Boila lililo salama leo linaweza kuwa na kutu kesho kutwa, kwa hiyo cheti kisicho na tarehe ya kuisha hakikuwa na maana kwa watu wale.

Vyama vya aina hiyo vilienea Ujerumani na baadaye vikawa kile ambacho leo Mtanzania yeyote anayeishi kule na kumiliki gari anakijua kwa jina la TÜV. Magari yalipozidi kuwa mengi, mtindo uleule ulihamishiwa barabarani. Mwaka 1951 Ujerumani Magharibi ilifanya ukaguzi wa vipindi kuwa lazima. Mwaka huohuo Japani ilipitisha sheria ya magari ya barabarani iliyoweka msingi wa shaken. Uingereza ilifuata mwaka 1960 kwa ukaguzi unaoitwa MOT, mwanzoni kwa magari yaliyofikisha miaka 10 tu. Muda huo ulipunguzwa haraka, na kufikia 1967 gari lilianza kukaguliwa likiwa na miaka 3.

Shaken inafanyaje kazi, na kwa nini gari huuzwa

Gari jipya la binafsi la Japani hukaguliwa mara ya kwanza baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2. Linapita kwenye mstari wa vipimo kama mgonjwa anayetumwa maabara moja baada ya nyingine. Magurudumu yanapandishwa juu ya roli zinazozunguka ili kupima nguvu ya breki ya kila gurudumu, maana breki ya kushoto ikikamata kuliko ya kulia gari linavuta upande. Zinapimwa mwelekeo wa magurudumu, usahihi wa mshale wa spidi, mwanga wa taa kubwa na moshi. Mwisho gari linakaa juu ya shimo, na mkaguzi aliye chini anagonga nati na viungio kwa nyundo ndogo akisikiliza kilicholegea.

Sasa, hapa kuna uvumi unaosambaa sana mtaani kwetu: kwamba sheria ya Japani inakataza gari lililozidi miaka kadhaa, ndiyo maana wanatuuzia. Si kweli. Gari la miaka 30 linaweza kutembea Tokyo kihalali kabisa mradi lipite ukaguzi. Kinachofanya liuzwe ni hesabu ya pesa. Siku ya shaken mwenye gari halipii vipimo peke yake. Analipia pia bima ya lazima, kodi ya uzito wa gari, na vipuri vyovyote vilivyochoka. Jumla mara nyingi hufika au kupita yeni 100,000. Kodi ya uzito nayo hupanda gari likipita miaka 13, na hupanda tena likipita 18. Hadi mwaka 1995 mambo yalikuwa makali zaidi, kwani gari lililozidi miaka 10 lilikuwa linakaguliwa kila mwaka.

Jiweke kwenye nafasi yake. Una gari la miaka 11, thamani yake sokoni ni ndogo, na mwezi ujao unatakiwa kulipa pesa inayokaribia nusu ya thamani hiyo ili liendelee kutembea. Utafanya nini? Utaliuza mnadani. Japani bei ya gari la mtumba hutegemea hata miezi mingapi ya shaken imebaki, na lile ambalo muda wake umeisha huenda kwa bei ya kutupa. Mnunuzi wa kutoka nje halipi shaken, kwa hiyo kwake hilo ni gari zuri kwa bei nafuu. Ongeza na ukweli kwamba Japani wanaendesha upande wa kushoto wa barabara kama sisi, usukani uko kulia, na unaelewa kwa nini meli zinashusha magari Dar es Salaam.

Gari linahamia ugenini

Upande wetu, mlango haukuwa wazi siku zote. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 fedha za kigeni zilikuwa adimu na kuagiza gari lilikuwa jambo la vibali. Kibaha ina kumbukumbu ya njia nyingine tuliyojaribu: shirika la Nyumbu, chini ya jeshi letu, lililokuwa na kazi ya kubuni na kutengeneza gari la Kitanzania, na kweli likatengeneza lori lenye jina hilo. Lakini mwaka 1984 serikali iliruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni walizonazo, bila kuulizwa sana zimetoka wapi. Mlango ulifunguka, na katika miaka iliyofuata mtumba wa Japani uliingia na kukaa.

Jambo hili ni kubwa kuliko sisi. Ripoti ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira ya mwaka 2020 ilihesabu magari madogo milioni 14 ya mtumba yaliyouzwa nje na Ulaya, Japani na Marekani kati ya 2015 na 2018, na Afrika ndiyo iliyopokea mengi zaidi. Mwaka huohuo wakaguzi wa serikali ya Uholanzi walichunguza magari yanayopitia bandari zao kuja Afrika. Mengi yalikuwa na miaka kati ya 16 na 20, na hayakuwa na cheti halali cha ukaguzi cha nchi yao.

Basi nchi zinazopokea zikajibu. Kenya iliweka kikomo cha umri, gari lisizidi miaka 8. Tanzania ilichagua kutokataza, ikatoza ushuru wa ziada kwa uchakavu, na ikataka gari likaguliwe kabla ya kusajiliwa. Hapo likazuka swali ambalo limetusumbua hadi leo: gari likaguliwe wapi, kule linakotoka au hapa linakofika?

Kwa miaka mingi jibu lilikuwa kule. Shirika la Viwango Tanzania, TBS, liliteua mawakala wa kukagua magari nje na kuyapa vyeti. Ni wazo zuri, kwa sababu gari bovu likigundulika Yokohama halipandi meli. Lakini ukaguzi wa mbali una udhaifu mmoja: nani anamkagua mkaguzi? Mwaka 2012 jambo hili lilifika bungeni. Kamati ya Bunge ya Hesabu za Mashirika ya Umma iliibua kwamba ofisi za ukaguzi wa magari zilizodaiwa kuwepo Hong Kong na Singapore hazikuonekana. Sakata hilo lilikuwa miongoni mwa yaliyotangulia mabadiliko ya baraza la mawaziri ya Mei mwaka ule. Mwaka 2021 TBS ikahamishia ukaguzi wa magari ya mtumba nyumbani, gari likishafika Dar es Salaam. Faida yake ni kwamba mkaguzi yuko karibu na mapato yanabaki. Hasara yake ni kwamba gari likikutwa na kasoro limeshafika, limeshalipiwa, na mwenyewe yuko getini na mkopo wa benki.

Kule au hapa, kila upande una hoja. Ila ukisikiliza mjadala huu kwa makini utagundua pande zote mbili zinazungumzia siku moja tu katika maisha ya gari, siku linapoingia nchini. Gari hilo litaishi hapa miaka 10, 15, pengine 20. Litabadilisha wamiliki, litatoka kwa mfanyakazi wa ofisini Mikocheni, liende kwa mtu wa bolti, limalizie maisha likibeba watu na mkaa. Katika nchi yake lingesimamishwa kila baada ya miaka 2 na kugongwagongwa kwa nyundo. Ugenini limepigwa picha moja mlangoni, basi.

Kinachoharibika kimyakimya: mfano wa mteremko wa Kisarawe

Unaweza kusema, "Kwani mimi sipeleki gari gereji?" Unapeleka, likilia. Tatizo ni vile vitu visivyolia.

Chukua mafuta ya breki. Ukikanyaga pedali, mguu wako unasukuma mafuta, na mafuta yanasukuma pedi zibane diski. Inafanya kazi kwa sababu kimiminika hakibanyiki. Ila mafuta haya yana tabia ya kunyonya unyevu kutoka hewani, taratibu, mwezi hadi mwezi. Na sisi tunaishi Pwani, hewa yetu ina unyevu wa kutosha. Mafuta mapya ya daraja la DOT 3 hayachemki mpaka angalau nyuzi joto 205. Yakishanyonya maji kidogo tu, chini ya asilimia 4, kiwango kinachokubalika kinashuka hadi nyuzi 140. Ya DOT 4 hushuka kutoka 230 hadi 155. Ndiyo maana Japani gereji nyingi huyabadilisha kila gari linapoandaliwa kwa shaken. Hapa kwetu wengi huongeza tu yakipungua.

Sasa twende Kisarawe. Ukitoka Gongo la Mboto unapita Pugu, barabara inapanda milima, unaingia mjini Kisarawe. Kupanda hakuna neno, injini ndiyo inahangaika. Shughuli iko kwenye kurudi.

Tufanye hesabu. Noah yenye abiria na mizigo ina uzito wa kama kilo 2,000. Tuseme mteremko unaishusha mita 100 kwenda chini. Nishati ambayo lazima iende mahali fulani ni uzito mara mvutano wa dunia mara kimo: 2,000 × 9.8 × 100, yaani karibu jouli milioni 2. Hiyo inatosha kuchemsha zaidi ya lita 6 za maji kutoka joto la kawaida la chumba. Dereva akishuka na gia ya chini, injini inabeba sehemu ya mzigo huo na hewa inabeba nyingine. Akiweka gia huru "kuokoa mafuta", karibu sufuria yote ya chai inachemkia kwenye breki.

Joto la diski linapenya hadi kwenye mafuta. Kama ni mapya, hakuna shida. Kama yamekaa miaka 6 yakinyonya unyevu, yanaweza kuchemka na kutoa povu la mvuke. Mvuke unabanyika. Dereva anakanyaga, pedali inazama mpaka chini, gari haliitikii. Likishafika tambarare breki zinapoa, mvuke unarudi kuwa kimiminika, pedali inakuwa ngumu tena. Fundi akiijaribu kesho yake anasema breki nzima. Watu wanasema lilikuwa pepo. Lilikuwa maji.

Tairi ni mfano mwingine. Japani, Uingereza na Ulaya yote kina cha mifereji kisipofika milimita 1.6 gari halipiti. Kipara tunakijua na trafiki anakiona. Lakini kuna tairi nzuri kwa macho iliyozeeka ndani. Tafuta ubavuni mwa tairi namba nne zilizo ndani ya kiduara kirefu, mwishoni mwa herufi za DOT. Zikisomeka 2314, limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2014. Na ukiona neno STUDLESS, ujue hilo ni tairi la theluji. Mpira wake umetengenezwa mlaini ili ushike kwenye barafu. Kwenye lami ya Kibaha saa saba mchana unaisha haraka na haushiki vizuri. Lilipita ukaguzi kwao, tena kwa haki kabisa, kwa sababu kwao kuna theluji.

Kibaha inatufundisha kwamba tunaweza

Hapa ndipo mtu husema, "Hizo ni mambo ya Wazungu na Wajapani, sisi hatuna uwezo wa kukagua kila gari." Nakuomba ukumbuke Kibaha ilikuwa maarufu kwa kitu gani kwa madereva wa malori wa nchi hii na jirani zake. Mizani.

Kwa miaka mingi kila lori lililotoka bandarini kupitia barabara ya Morogoro lilipimwa Kibaha, kabla ya kazi hiyo kuhamia Vigwaza, mbele kidogo, ambako sasa gari hupimwa likiwa kwenye mwendo. Lilipimwa kwa chombo, kila safari, na lilipewa karatasi. Sababu yake ni ya kisayansi. Kati ya 1958 na 1960 wahandisi wa Marekani walijenga barabara za majaribio huko Illinois, wakazungusha malori juu yake usiku na mchana hadi lami ikapasuka. Waligundua kwamba uharibifu hauongezeki sambamba na uzito wa ekseli. Unaongezeka kwa takriban kipeo cha nne. Ukizidisha uzito mara 2, uharibifu ni mara 16. Ukizidisha kwa asilimia 5 tu, uharibifu unaongezeka kwa asilimia 22 hivi.

Asilimia hiyo 5 iliwahi kusimamisha nchi. Oktoba 2013 aliyekuwa Waziri wa Ujenzi, John Magufuli, alifuta msamaha wa asilimia 5 waliokuwa wakipewa wenye malori. Wakagoma, malori yakapangana barabarani, na Waziri Mkuu wa wakati huo, Mizengo Pinda, akaingilia kati na kusitisha uamuzi ule. Iwe ulikuwa upande wa waziri au wa wenye malori, tazama kilichokuwa kinabishaniwa: asilimia chache juu ya kipimo. Hakuna aliyesema mizani haiwezekani.

Kwa hiyo tunajua kukagua kwa vifaa na kwa kurudia, tunapoamua kwamba kitu kina thamani. Barabara tuliamua ina thamani, kwani lami ikipasuka hazina inalipa. Breki ya Noah ikikataa, anayelipa ni familia moja, kimyakimya, hospitalini au makaburini. Gharama hiyo haijitokezi kwenye bajeti ya wizara yoyote kwa jina lake.

Tulicho nacho, na kinachokosekana

Si kwamba hatuna kitu. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inataka gari liwe zima, na inampa polisi mamlaka ya kulikagua na kulizuia. Mabasi na daladala yanahitaji leseni ya LATRA, na ukaguzi ni sehemu ya masharti yake. Na kuna Wiki ya Nenda kwa Usalama Barabarani, na stika zake. Stika hiyo ndiyo binamu wa ile ya Kijapani uliyoiona mwanzoni.

Tofauti iko kwenye kilicho nyuma ya karatasi. Kazi kubwa hapa hufanywa na macho, masikio na uzoefu wa askari. Askari mzoefu anaona taa iliyokufa na tairi kipara. Hawezi kwa macho kuona kwamba breki ya nyuma kushoto inafanya kazi nusu ya ile ya kulia, wala kwamba mafuta ya breki yanachemka kwenye nyuzi 140. Kwa hilo anahitaji roli za kupimia na kijipima cha mkononi. Stika ikitolewa bila gari kuguswa, haina thamani kuzidi gundi yake.

Na gharama? Hoja hii ni ya kweli. Uganda ilijaribu: ikaingia mkataba na kampuni ya SGS, vituo vikajengwa, wenye magari wakalalamika, na mwaka 2017 Bunge likasimamisha zoezi. Mtu ambaye gari ndiyo ofisi yake ataona ukaguzi kama kodi nyingine. Ukiwa mkali ghafla, magari mengi yatatoka barabarani na watu wa Maneromango watabaki bila usafiri. Ukiwa wa kujifanya, watu watanunua stika.

Uingereza ina jibu moja linalofaa kufikiriwa. Bei ya juu kabisa ya MOT ya gari dogo imewekwa na serikali, pauni 54.85, na kufeli si aibu: unarekebisha, unarudi. Kikubwa zaidi, matokeo yako wazi. Mtu yeyote anaweza kuingiza namba ya gari kwenye tovuti ya serikali yao na kuona, bure, kila mara gari lilipofeli, lilifeli nini, na lilikuwa na maili ngapi siku hiyo. Kama unanunua Discovery au Range Rover iliyotumika Uingereza, fanya hivyo leo kabla ya kutuma hela. Kilomita zilizorudishwa nyuma zitajianika zenyewe.

Fikiria tungeanza na hilo tu. Kila gari linalokaguliwa, kwa sababu yoyote, matokeo yake yaandikwe kwa namba ya usajili na yasomwe na yeyote. Mnunuzi wa IST namba D angeona historia yake, muuzaji angekuwa na sababu ya kutengeneza, na soko lenyewe lingesaidia kazi ya trafiki. Kuanza na vituo vichache vyenye roli za breki, kwa magari ya abiria kwanza, si ndoto kwa nchi iliyojenga mizani ya kupima lori likitembea.

Mpaka hapo, ukaguzi wa gari lako ni wewe. Weka tarehe moja kwa mwaka, usisubiri lilie. Mwambie fundi abadilishe mafuta ya breki yote, siyo kuongeza. Soma namba nne za tairi, pamoja na la spea. Mwombe alinyanyue gari na kutikisa kila gurudumu kwa mikono miwili ili asikie boljointi na bushi zilizolegea. Washa taa kubwa ukutani usiku uone kama zote zinatazama mbele. Na ukishuka kutoka Kisarawe, toa gia kwenye D, weka 2 au L, uache injini ifanye kazi yake.

Waswahili walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ile stika ya Japani usiibandue. Iache pale kioo, na pembeni yake andika kwa kalamu tarehe yako wewe ya ukaguzi unaofuata.